Hodi Niliyoitikia

Nilitoka Tabora kwa treni, nikapanda lori la saruji hadi Kibiti, nikakaa siku mbili Nyamisati nikingoja boti, ndipo nikafika Mbwera na begi moja na kazi ya kumnunulia kaa tajiri wa mjini. Mwenyekiti wa kijiji alinipa chumba cha uani kwake.

Sebuleni alikuwa amebandika ukutani, kwa uji wa muhogo, ukurasa wa gazeti la zamani alilopewa na mwalimu wake: mwanasiasa wa Marekani amezongwa na mikono ya watu. Kila mgeni alisimuliwa habari zake. Yule alikuwa mtoto wa tajiri, lakini aliingia vibanda vya maskini, akaketi nao. Alionywa asijichanganye na watu. Alipigwa risasi huku anawapa mkono.

Mtu akipiga hodi, mimi nilikuwa nanyamaza. Mwenyekiti alinicheka. "Bado mgeni wewe. Siku utakayoitikia, ndiyo umekuwa mtu wa humu."

Mwaka ule viongozi wa vijiji walianza kuuawa na watu wasiojulikana. Mkewe akaweka sharti: hodi ataitikia yeye mwenyewe tu, akishaijua sauti.

"Sasa mtu aulizwe 'wewe nani' kama yuko polisi?" mwenyekiti alilalamika.

"Mmarekani wako alikuwa na walinzi, akafa," nikamtania. "Wewe una kuku."

"Kuku wangu hawasinzii, bwana kaa."

Mkewe hakucheka.

Alasiri moja mkewe alikwenda kisimani. Nilikuwa uani nawafunga kaa magando. Hodi ikapigwa. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kaa.

"Karibu!" nikaitikia.

Nikamsikia mwenyekiti akiinuka mkekani, "Karibuni, karibuni," kisha milio miwili ya bunduki. Nilimkuta chini ya ule ukurasa, mkono wa kulia umenyooka mbele.

Baada ya maziko nilimweleza mkewe kwamba sauti ile iliyoitikia hodi ilikuwa yangu. Nikahamia kwa mvuvi mmoja.

Arobaini ilipopita nilifunga begi, nikaenda kumuaga. Alikuwa amekaa eda, nami nilitaka tu kusema neno pale nje ya mlango. Nikapiga hodi. Nikapiga tena.

"Wewe nani?" akauliza kutoka ndani.

Mwaka mzima nilikuwa nimekula chakula chake. Sauti yangu aliijua.

"Mimi, shemeji."

Hakuitikia 'karibu'. Nikangoja, kisha nikaokota begi nikateremka kwenye boti. Sijarudi tena.