Nilipomtafutia Bibi Mtu wa Kumwangalia

Nakumbuka vizuri sauti ya ungo wa bibi yangu pale Mnyuzi: shaa, shaa, kisha anapuliza makapi, fuu, halafu shaa tena. Nimekulia ndani ya sauti hiyo. Mwanangu, nakuita mwanangu ingawa mvi sina hata moja. Lakini aliyetangulia kuteleza ana ruhusa ya kuonyesha penye utelezi.

Bibi alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Hospitali walituambia tusiuache ulale: ukifanyishwa kazi ndogo ndogo kila siku utarudi taratibu, ukiachwa utakauka. Mimi ndiye mjukuu mkubwa. Nashona nguo Handeni, na kila nikikanyaga cherehani naota duka langu lenye kibao cha rangi. Basi nikapewa kazi ya kumtafutia bibi mtu wa kukaa naye.

Walikuja wawili. Wa kwanza ni Rehema, binti wa Korogwe mjini, koti jeupe limepigwa pasi, maneno yanateleza kama bamia. "Dada, mimi nikiwepo, bibi hatainua hata kijiko." Moyo wangu ukacheka. Wa pili ni Mama Saumu, mtu mzima kutoka Mpale. Hakunisemesha mimi kwanza. Alikaa mkekani, akampa bibi shikamoo yake, akauliza, "Bibi, nini unaweza mwenyewe, na wapi nikushike?" Nikajisemea, huyu mvivu, hata hajaanza kazi anaipunguza! Nikamchukua Rehema. Bibi alikuwa amekaa pale pale, wala sikumuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi ndiye niliyekuwa nachagua kitanda.

Rehema, nisimsingizie, alichapa kazi. Alimwogesha, akamlisha, akampaka mafuta, akanitumia picha bibi anang'aa kama bibi harusi. Nikawaonyesha wateja wangu wote. Ungo akautundika juu ukutani, bibi asichoke. Nilipokwenda kumwona baada ya miezi miwili, nyumba ilikuwa safi, na kimya. Nikamshika bibi mkono. Vidole vilikuwa vimejikunja kama majani ya mahindi yaliyokosa mvua.

"Mjukuu wangu," akasema, maneno yakitoka kwa shida, "umeniletea mtu wa kunitunza, au wa kuniosha nikisubiri sanda?"

Nikalia. Naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Acha, utaharibu huo wanja. Kamwite yule aliyeniuliza."

Nilizungumza na Rehema kwa adabu, maana alifanya hasa nilichomtuma. Kisha nikapanda pikipiki hadi Mpale kuomba radhi. Mama Saumu alikuwa analima. Hata jembe hakuliweka chini. "Nilijua utakuja," akasema. "Ninyi vijana mnaajiri koti."

Siku ya kwanza alimwekea bibi kiganja cha mahindi kwenye ungo, akamshikia upande mmoja. Nusu yakamwagika. "Kuku wa nyumba hii watakufa kwa shibe," bibi akalalamika. Kesho yake wakaanza tena, na keshokutwa.

Mwanangu, siku yako itafika, maana wazazi hawageuki kuwa vijana. Ukimtafutia mzee wako mtu, mwite mzee akae katikati ya maongezi. Mtazame mgeni anamsalimia nani, anamuuliza nani. Anayekuahidi kwamba mzee hatafanya lolote, mshukuru, mpe chai, aende zake. Halafu usitosheke na picha kwenye simu: nenda, mguse mkono. Kuuliza si ujinga; ujinga ni kumjibia mtu aliye hai. Mungu akujalie wazee wako wakuzeekee mikononi, na wewe uzeeke mbele ya macho ya wanaokuuliza unataka nini.

Juzi nilifika Mnyuzi asubuhi. Kabla sijapiga hodi nikaisikia, polepole kuliko zamani, ikikatika na kuanza upya: shaa... shaa. Sikuingia. Nilivua viatu, nikachuchumaa peke yangu kizingitini, nikaziokota punje zilizorukia nje, moja moja, kabla kuku hawajaziona, nikazifunga kwenye ncha ya khanga yangu.