Mbavu za Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Mama Tepu, maana tepu ya kupimia haikumtoka shingoni tangu asubuhi hadi anapokwenda kulala, na mumewe aliapa kwamba hata kitandani nusura ajinyonge nayo. Alikuwa fundi cherehani wa wale wachache waliobaki, wanaompima mtu kabla ya kumvika. Siku hizi nguo zinakuja zimekwisha kushonwa, ndogo, za kati na kubwa, kana kwamba Mungu aliumba binadamu kwa mafungu matatu kama viazi. Mama Tepu hakulikubali hilo. Alipima, akakata, akashona, akafunga furushi, kisha akapakia kwenye pikipiki yake ya miaka thelathini na moja na kumfikishia mwenye nguo mlangoni.

Pikipiki ile iliitwa Shangazi. Ilipata jina hilo kwa sababu kila asubuhi ilikohoa, ikagoma, ikalalamika weee, halafu ikakubali kwenda popote, ila njia nzima ikisemasema peke yake.

Nyuma ya Shangazi alikaa mume, Bwana Kengele, amekumbatia furushi. Huyu alipiga kengele ya shule kwa mkono wake miaka ishirini na sita, kwa kutazama saa yake mwenyewe, na watu wa mtaani walirekebisha saa zao kwa kumsikia. Kisha wakafunga ya umeme, inayolia hata siku za likizo, inawaita watoto wasiokuwepo. Basi akarudi nyumbani, akawa mshika furushi. Na kila Ijumaa alasiri, tangu enzi za kengele, nguo ya mwisho ikishafika kwa mwenyewe, wawili hao walipanda na Shangazi hadi kilimani nje ya mji, wakazima injini, wakanywa chai ya chupa, wasifanye jambo lolote la maana. Miaka ishirini na tisa hawajakosa Ijumaa.

Mpaka siku ile mbele ya kinyozi.

Hawakuwa hata mwendoni. Mama Tepu alisimamisha pikipiki, akashusha mguu wa kushoto atue, na pale alipotarajia ardhi pakawa na mtaro. Shangazi akainama taratibu, kwa heshima zake zote, kama bibi anayetafuta kigoda kwa makalio, akalala. Chini yake ukalala mguu wa Bwana Kengele. Suruali sita mpya zikatawanyika, na mteja wa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, akatoka mbio kusaidia zaidi kwa kicheko kuliko kwa mikono.

Mguu haukuvunjika. Ulivimba tu wiki mbili. Lakini palepale, kiatu kimoja mkononi, mzee aliapa kwa sauti ya kengele: "Mguu wangu huu haupandi tena nyuma yako, mke wangu, mpaka huyo Shangazi awe na mbavu!"

Alimaanisha gadi, vile vyuma vinavyofungwa kando ya injini ili pikipiki ikianguka itue juu yake, isitue juu ya mguu wa mtu. Na Bwana Kengele alikuwa na sifa moja: akishapiga, hapigi upya.

Ijumaa tatu Mama Tepu alikwenda kilimani peke yake. Alimimina vikombe viwili kwa mazoea, akanywa vyote, na cha pili kila mara kilikuwa kichungu. Ijumaa ya tatu hakukimaliza. Aliteremka akijiambia kwamba Ijumaa ya nne mbavu zitakuwepo, hata azishone.

Jumatatu akaenda duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa bwana wa miwani nyeusi, anayeuza bila kunyanyuka kwenye kiti.

"Mama, gadi ninazo za kila aina. Hizi hapa zinaingia pikipiki zote."

"Zote?"

"Zote, Mama. Ndizo za kisasa."

Kitu kinachoingia kila mahali hakikai popote. Hilo hata fundi wa vifungo analijua. Mama Tepu akavuta tepu shingoni, akapiga goti kando ya Shangazi aliyeegeshwa nje, akapima. Kisha akazijaribu moja moja, kama anayemvisha bi harusi msumbufu. Ya kwanza ilimeremeta kama sufuria mpya, ila ilikaa juu ya breki ya mguu.

"Nitafungaje breki?"

"Mama, endesha polepole tu."

Ya pili iliziba nati ya kumwagia oili, hivyo kila akitaka kubadilisha oili ingebidi aifungue gadi nzima. Ya tatu ilikuwa na vipira vyekundu vya kupendeza, lakini ilishikiliwa na boliti moja kwenye kifuniko cha injini.

"Hii nikianguka nayo," alisema, "itaing'oa injini yenyewe. Gadi inashika fremu, baba, haishiki injini. Kifungo hushonwa kwenye nguo, hakishonwi kwenye kifungo kingine."

"Basi panga usianguke," akasema mwenye duka, akarudi kwenye simu yake.

Akamvua Shangazi lile pambo, akampiga teke la kuwashia, wakaondoka wawili hao wakinung'unika kwa sauti moja.

Alikuwa amebaki mmoja tu, mchomeleaji wa nyuma ya soko, aliyeitwa Cheche. Zamani mtaa ule ulikuwa na wachomeleaji saba, kila mmoja na mkono wake, ukiona geti unajua nani kalichoma. Sasa mageti yanakuja kwenye lori, yote yana ua lilelile. Cheche alimpokea kama ndugu aliyepotea.

"Fundi mwenzangu! Leo umekuja kunipima kanzu?"

"Nimekuja unishonee mbavu za chuma."

Alipoeleza, Cheche alicheka mpaka akavua miwani ya kazi afute machozi. Kisha akakuna kichwa. "Umeme wangu huja unapotaka, dada. Siwezi kukukalisha hapa na pikipiki siku tatu. Niletee vipimo, niachie na karatasi ya matundu. Ukija kusimama hapa utanielekeza kila mkato. Nawajua mafundi."

Mama Tepu hakukataa. Yeye mwenyewe huwafukuza wateja wanaosimama nyuma ya cherehani.

Usiku haujaingia alikuwa amemvua Shangazi mavumbi, akampima kama binti wa watu. Kifua: upana wa injini. Kiuno: pale fremu inapobana. Nyonga: kutoka katikati hadi ncha ya kikanyagio. Akaacha nafasi ya breki, akaacha nafasi ya nati ya oili, akahakikisha usukani ukikata kona tairi haligusi. Matundu ya boliti aliyatoboa kwenye karatasi ya kaki, sawasawa kabisa, maana tundu la kifungo haliongezwi hata uzi.

Lakini kifua na nyonga, mkono ulioshona miaka arobaini uliandika wenyewe. Ukaongeza inchi mbili kila upande. Ni akiba. Kila nguo yake aliiachia akiba ndani ya mshono, mwenye nguo akinenepa aifungue. Injini gani hunenepa, hilo halikumpitia kichwani.

Na Cheche, fundi wa kale vilevile, alipoipokea karatasi akaongeza inchi mbili zake. Ni akiba ya moto. Chuma kikichomwa hujikunja, husinyaa. Akakata kirefu, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, na safari hii kikagoma kusinyaa.

Hakuna aliyemwambia mwenzake. Mafundi wa siku zile hawakuulizana mambo yaliyo dhahiri.

Alhamisi umeme ulikuja. Ijumaa adhuhuri Cheche alifunga mbavu palepale sokoni, na boliti nne ziliingia kwenye fremu laini kama sindano kwenye hariri. Breki huru. Nati ya oili huru. Mama Tepu akapiga vigelegele, wauza nyanya wakaitikia bila kujua wanashangilia nini. Mbavu zilionekana pana kidogo, kweli.

"Amependeza," alisema Cheche. "Kama ameshika kiuno."

Mama Tepu akaruka nayo hadi nyumbani kumwonyesha mumewe. Kwa kawaida Shangazi alilala ndani, kwenye chumba cha cherehani, na chumba hicho kilikuwa na mlango mmoja mwembamba. Miaka yote alimwingiza kwa ujanja: unapinda usukani kushoto, unasukuma, unapinda kulia, ameingia. Akapinda kushoto. Akasukuma. *Kong'o!*

Usukani hupinda. Mbavu hazipindi.

Alisukuma kwa bega, kwa kiuno, kwa jina la mama yake. Shangazi akazama inchi moja zaidi, akakwama kwenye fremu ya mlango kama kizibo kwenye chupa. Nyuma haendi, mbele haendi. Na ndani, kati ya cherehani na kabati la vitambaa, chupa ya chai mkononi, alikuwa Bwana Kengele.

"Mke wangu, ni nini hicho?"

"Mbavu ulizotaka."

"Niliomba mbavu. Umeniletea tembo!"

"Zimeachiwa akiba!"

"Akiba ya nini? Shangazi ana mimba?"

Mama Tepu akaketi chini barabarani, akacheka mpaka tepu ikamwanguka. Mzee akachungulia juu ya taa ya mbele, uso umekunjamana, na kadiri alivyojitahidi kukasirika ndivyo masharubu yalivyomsaliti.

"Basi nitatokaje?"

"Njia ni moja, baba. Panda."

Mtu aliyeapa mbele ya kinyozi hatengui kiapo chake kwenye mlango wa nyumba yake, kwa mbavu ambazo hazijajaribiwa. Aliutazama usukani. Aliutazama ukuta. Kisha akampitishia mkewe chupa ya chai kwa juu, akaegemea cherehani, akanyanyua mguu mmoja, ule ule, akajikokota juu ya tangi la mafuta, akateleza kinyumenyume hadi kwenye kiti chake cha miaka ishirini na tisa. Akatulia hapo. Kikamkaa kama nguo iliyopimwa.

"Nimepita tu," akasema. "Sijapanda."

"Umepita tu," akakubali mkewe, akashika chuma cha nyuma ya kiti, akavuta kwa nguvu zote.

Labda ni uzito wake uliobonyeza springi, mbavu zikashuka chini ya uvimbe wa fremu ya mlango. Shangazi alichomoka ghafla, akavuka kizingiti kinyumenyume na mzee juu yake, akayumba, akainama upande wa kushoto taratibu, kwa heshima zake zote.

"Mamaaa!"

*Kong'o.*

Ubavu ukatua ardhini. Shangazi akaegemea hapo, nusu wima, kama mtu aliyeegemea kiwiko kitandani. Bwana Kengele alikuwa bado juu ya kiti, ameinama, kofia imemfunika macho. Akautafuta mguu wake kwa mkono. Ulikuwa unaning'inia hewani, mzima, vidole vinacheza ndani ya kiatu, na kati yake na ardhi pakapita kuku wa jirani bila kuinamisha kichwa.

"Mke wangu."

"Abee."

"Hii inchi ngapi hapa chini?"

Akaokota tepu, akapima. "Nne zaidi ya nilizotaka. Mbili zangu, nyingine sizijui."

"Akiba haiozi," alisema mzee, na hapo ndipo kicheko kilipomshinda, akacheka amelala upande, mpaka majirani wakatoka.

Wakamsimamisha Shangazi. Mama Tepu akampiga teke. Akakohoa, akagoma, akakubali. Mzee hakushuka. Alinyoosha mkono tu.

"Nipe hiyo chupa. Leo Ijumaa."

"Ngoja kidogo."

Mama Tepu alirudi mlangoni, akatoa chaki yake ya kitambaa mfukoni, akapima ukuta kando ya fremu na kuchora mstari mahali ambapo fundi mwashi angevunja kesho kuupanua mlango. Akautazama. Kisha, pembeni ya ule mstari, akachora mwingine, inchi mbili mbele.