Ukisemeshwa, Zima Mashine

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, kule Handeni, nilipoitikia kwa kichwa neno ambalo sikulisikia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sasa mvi zimenifika mpaka kwenye nyusi, na bado nikifumba macho naiona asubuhi ile, unga wa mti umenijaa kwenye kope na mashine inanguruma mikononi. Lakini ngoja nianze na mashine zenyewe, maana nakujua, hadithi isiyo na injini huisikilizi.

Juzi ulinionyesha msumeno wako mpya wa cheni, nikaupima kwa mikono yangu. Mwepesi, hata mimi na mgongo huu niliuinua. Ukavuta kamba mara moja, ukawaka. Una breki ya kusimamisha cheni gogo likiurusha msumeno nyuma, cheni inajipaka oili yenyewe, na mtikisiko wake haufiki begani. Wazee wengi tukikaa pamoja husifu vya zamani mpaka maumivu yake. Mimi sitakudanganya, huu wako ni mzuri kuliko ule wetu. Mkono wangu wa kulia huingia ganzi kila asubuhi, hata kikombe cha chai hunikimbia, na ganzi hiyo ni zawadi ya mashine ya zamani. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hiki chako sijakiona kidonda chake.

Ile yetu ilitoka katika shamba moja la mkonge upande huu wa Korogwe, wenyewe walipoondoka, ikapelekwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila ukoo kwenye bonde lake, waliambiwa waje wakae pamoja, na pori la Handeni lilitakiwa liwe nyumba, shule na shamba la kijiji kabla ya mvua. Mimi nilitoka Bungu, milimani, nilikojifunza kupasua mbao, nikaitwa nishike mashine hiyo kwa sababu vijana walioijua walikuwa wachache. Nisikufiche, nilijiona mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Uzito wake ulikuwa wa mbuzi dume aliyeshiba. Oili ya cheni uliisukuma mwenyewe kwa kidole gumba, na ukisahau unaona moshi. Breki haikuwa nayo, breki ilikuwa Mungu. Lakini nguvu ilikuwa nazo. Ikizama kwenye mti mgumu kama mkongo hairudi nyuma, na ikiharibika tuliitengeneza palepale kwa waya na msumari, wakati hii yako ikigoma itabidi umpigie fundi simu na umngoje. Kasoro yake kubwa ilikuwa moja, nayo ndiyo ninayotaka uishike. Ikishapata moto ukaizima, haiwaki tena mpaka ipoe. Utavuta kamba mpaka bega lichomoke. Kwa hiyo tukishaiwasha asubuhi, tulikuwa hatuizimi mpaka petroli iishe.

Mwenzangu kazini alikuwa Mzee Mhina, Mzigua wa palepale, mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kupigilia kabari nyuma ya msumeno ili mti usiubane. Wanawake nao walikuja kila siku kuokota matawi tuliyoyaangusha, wapate kuni. Katika hao alikuwamo Zaina.

Mwanangu, mama yako nilimpenda, Mungu amrehemu, na haya ninayoyasema hayampunguzii kitu. Alijua habari hii kabla hatujaoana, nami nilimwambia mwenyewe. Lakini Zaina nilimpenda kwanza. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kuchelewa, kana kwamba anakufikiria kwanza kama unastahili kuchekewa. Aliniita Mshambaa wa Kelele. Kila tulipopumzika alinipa maji katika kibuyu chake, na mimi nilimchagulia matawi makavu nikayakata sawasawa yasimchubue bega. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yetu. Nilishamwambia aningoje mpaka mavuno, nipande milimani Bungu, nirudi na wazee wangu kuleta posa. Akasema atangoja. Alilelewa na mjomba wake, ambaye alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na kwa Wazigua neno la mjomba si dogo.

Basi asubuhi ile nilikuwa katikati ya mkongo mmoja mnene, wa mwisho kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti alisema atapita adhuhuri kuona uwanja ukiwa mweupe. Mashine imepata moto. Nikamwona Zaina anakuja peke yake, mbele ya wenziwe, hana hata kamba ya kufungia kuni. Akasimama hatua chache kutoka kwangu akaanza kusema.

Niliona midomo inakwenda. Sauti yake haikunifikia hata chembe. Nikizima, nilifikiri, itapita saa nzima kabla haijawaka, na mwenyekiti atakuta mti umesimama. Na kusema kweli nilitaka pia anione nikiwa kazini, cheni inazunguka, unga unaruka. Nikamtazama, nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Akasema tena, safari hii polepole zaidi, macho yake kwangu. Nikaitikia tena, nikimchekea. Akatazama chini kidogo, kisha akageuka akaenda zake.

Mzee Mhina aliweka nyundo chini, akaja akanishika mkono mpaka nikapunguza moto wa mashine, nikamsikia.

"Yule binti amekuambia nini?"

"Sijui, mzee."

"Hujui, nawe umeitikia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kutosikia si kosa," akasema. "Kuitikia usichokisikia ndilo kosa. Zima, mfuate. Mti hautakimbia."

Nikamjibu kwamba nitamuuliza jioni. Jioni, mwanangu. Nimelirudia neno hilo maisha yangu yote, na kila mara linanichoma mahali palepale. Mti ulianguka kabla ya adhuhuri, mwenyekiti akaja akanishika mkono mbele ya watu, akasema vijana kama hawa ndio wa kujenga nchi. Nikavimba kichwa. Nikaoga, nikavaa shati langu safi, nikaenda kwa kina Zaina jua likielekea kushuka.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikauliza alikuwa anasema nini asubuhi, maana mashine ilinizidi. Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

"Nilikuambia watu wa Chanika wameleta posa kwa mjomba, na wanataka jibu leo. Nikakuuliza, nikubali? Ukaitikia. Nikadhani sikukuelewa, nikauliza tena. Ukaitikia tena, na ukacheka."

Nikaapa kwamba sikusikia hata neno moja. Nikaapa kwa Mungu. Akanitazama muda mrefu, hana hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Kama hukusikia," akasema, "mbona uliitikia?"

Kisha akaendelea kumenya mihogo.

Kesho yake asubuhi Mzee Mhina alinipeleka kwa mjomba. Tulimwamkia, tukakaa kwenye mkeka, Mzee Mhina akaeleza yote. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Kijana, mimi ndiye niliyemtuma akuulize. Niliona moyo wake uko wapi. Ningeweza kuwajibu wale watu bila kumuuliza mtu, lakini nilikupa nafasi. Jana saa nane nimewapa neno langu mbele ya wazee wawili. Sasa niende Chanika nikaseme nini, kwamba mkwe wangu niliyemtaka alikuwa anakata mti?" Kisha akanipa pole, kwa sauti ya upole. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ni mimi.

Wakamwoza kabla ya mvua. Ile shule tulimaliza kuijenga, watoto wakasoma, na mti ule ulitoa mbao za madawati. Nilipata sifa zake zote. Mimi nikarudi Bungu, baadaye nikashuka huku Korogwe na mama yako, na Mungu akatupa nyinyi.

Zaina nilimwona mara mbili tu tangu hapo. Mara ya mwisho ilikuwa kituo cha mabasi hapa mjini, ameshika mkono wa mjukuu wake. Akanitambua kabla sijamtambua. "Mshambaa wa Kelele, hujambo?" Nikasema sijambo. Nilikuwa na maneno ya miaka arobaini, basi lake likaita abiria, akapanda. Nilikaa pale kwenye benchi mpaka mpiga debe akaniuliza kama nimepotea.

Sasa nikuambie la Jumatano iliyopita. Asubuhi nilipigiwa simu kutoka Chanika, kulekule Handeni, kwamba Zaina amefariki, na atazikwa baada ya sala ya alasiri. Nilikuja huko nyuma ya nyumba ulikokuwa unakata magogo ya kuni. Nikasimama mbele yako nikasema, "Mwanangu, nina msiba Handeni. Utanipeleka kwa pikipiki kabla ya adhuhuri?" Hukuzima. Ulinitazama, ukatabasamu, ukaitikia kwa kichwa.

Nikaingia ndani nikavaa kanzu, nikakaa barazani kukungoja. Adhuhuri ikapita. Ulipomaliza ulipakia kuni, ukapita mbele ya baraza kwenda mjini, ukanipungia mkono. Hapo ndipo nilipojua kwamba hukusikia. Kwa nini sikupiga kelele ukasimama? Nilikutazama nikajiona mimi mwenyewe kijana, nikabaki nimekaa. Alasiri ilipoingia niliswali peke yangu, nikamwombea, nikavua kanzu nikaitundika.

Sikulaumu, mwanangu, wala usije ukaniomba radhi kwa mbuzi na magoti. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea mpaka amezeeka. Nakuambia ili usimzae wako.

Sisi tulikuwa na kisingizio, mashine yetu ikizimwa haiwaki. Wewe huna. Yako inawaka kwa mvuto mmoja wa kamba, na huo ndio ubora wake mkubwa kuliko breki na oili na wepesi wote ulionisifia. Mtu akisimama mbele yako akafungua kinywa, zima. Awe mkeo, awe mtoto, awe mpita njia anayeulizia njia ya Mpale, zima umsikie. Na siku ukishindwa kuzima, basi usiitikie. Shika sikio lako, mwonyeshe kwamba hujasikia, akungoje au arudi. Kuuliza mara tatu si aibu. Aibu ni kumpa mtu jibu la swali usilolijua, akaenda akajenga maisha yake juu yake.

Haya, nenda kazini. Mwenyezi Mungu akukinge na gogo lenye hila na tawi linalodondoka bila taarifa. Akupe riziki ya halali katika miti yake, mikono isiyoingia ganzi uzeeni, na nyumba yenye watu wanaopenda kuzungumza nawe. Na akujaalie, mwanangu, uwasikie wanaokuita wangali wanaita.