Gari Nililokatazwa Kupanda

Wanaume wa boma letu hapa Tongaren wakishashiba huzungumza mambo mawili tu, mahindi na magari. Wala si malori. Ni yale magari ya buti ya watu watano, ambayo mtu akishanunua anaanza kusalimia majirani kwa kidole kimoja. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, analo la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi. Anaishi Bungoma mjini, na akija kwetu hupunguza mwendo pale sokoni ili kila mtu ahakikishe ni yeye. Kwake yeye gari ni hadhi. Mume wangu, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, hupima ubora. Anafungua mlango, anaufunga, anasikiliza, anaufungua tena. "Hiki ni chuma," atasema, ama, "Hiki ni kopo." Nimeolewa na mpimaji wa milango.

Mkwe wangu, mume wa binti yetu, anakaa Kitale. Lake ni la Kijapani, la kijivu, limezeeka, limeinuliwa kidogo ili tumbo lisiburute kwenye matope, na redio yake bado inameza kaseti. Shemeji humcheka waziwazi. Mkwe hujibu tu kwamba linawaka kila asubuhi.

Mimi sikuulizwa maoni, na hata ningeulizwa, yangenisaidia nini? Gari la mkwe singeweza kulipanda. Kwetu Wabukusu, mama wa binti na mume wa binti hawakai pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Yeye akiingia huku, mimi natokea kule. Siku ya harusi nilimwona kisogo. Na kulala nyumbani kwake ndiyo usiseme.

Sasa binti yangu akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza. Kifua kikamsumbua yule mtoto, daktari akakataza safari. Mvua ikaanza, ikaisha, mtoto akajifunza kucheka, na mimi habari zote napewa kwa simu. Niliumia, nisidanganye. Halafu binti akapiga: "Mama, Jumapili anabatizwa. Wewe ndiye utakayembeba kumwingiza kanisani." Nilianza kupiga pasi gauni langu siku hiyo hiyo.

Jumapili asubuhi magari mawili yalikuja kutuchukua. Shemeji alinifungulia mlango wa lake. "Ingia, kukhu, nyanya wa mtoto. Leo utafika kama mke wa gavana." Mume wangu akaenda na mkwe, pamoja na kuku na mkungu wa ndizi. Mimi nilikuwa nimeinamisha macho chini, nikaona viatu vya mkwe tu. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Nitasema ukweli, lile gari jeusi ni tamu. Halina kelele, unasikia hata tumbo lako. Nilikuwa nimeanza kusinzia wakati taa ndogo ya manjano ilipowaka mbele ya shemeji. "Hiyo ni kawaida," akasema. Tukaenda kidogo, ikawaka nyekundu. Hiyo hakuieleza. Gari likakohoa, likapanda nusu ya mlima na kusimama kando ya shamba la mtu, na lilipokataa kuwaka tena, shemeji alilibembeleza kwa sauti ambayo mke wake hajawahi kuisikia.

Gari la kijivu likasimama nyuma yetu. Hapo ndipo hesabu ilipotushinda. Shemeji hakutaka kuliacha gari lake barabarani hata kwa dawa. Mume wangu hajui kuendesha. Mkwe anajua, lakini akiendesha yeye, mimi sipandi. Na kengele ya kanisa haimngojei nyanya wa mtu. Machozi yalinilenga, nikakaa kwenye nyasi na gauni langu la pasi.

Mkwe ndiye aliyepata njia. Alimwambia mume wangu, mume wangu akaniambia mimi, ingawa nilisikia kila neno. Yeye angeenda kwenye lile jeusi kushika usukani. Shemeji angeendesha la kijivu na kulivuta. Kamba ya ng'ombe ilikuwa kwenye buti, chini ya ndizi.

Basi shemeji akaingia kwenye gari alilolicheka miaka yote, magoti yakigusa usukani. Mume wangu akaketi mbele na kuku. Mimi nikakaa nyuma, na kwa sababu mkwe alikuwa nyuma yangu akinitazama kisogo, nilivua leso yangu nikaitundika kwenye kioo cha nyuma.

"Shemeji, sasa nitaona aje huko nyuma?" dereva wetu akaniuliza.

"Utumie vioo vya kando. Kwani vimewekwa vya nini?"

Tukaingia Kitale hivyo. Vijana wa bodaboda walitusindikiza kwa honi. "Mzae, hiyo Mjerumani unaipeleka mnadani?" mmoja akauliza. Shemeji akapandisha kioo. Mume wangu alicheka mpaka kuku wakaanza kupiga kelele, na mimi nikacheka nikashika mbavu. Gari la kijivu lilivuta tu, halikulalamika hata kwenye mlima.

Binti alikuwa ananisubiri langoni, wimbo wa kwanza umeshaanza ndani. Akaniwekea mtoto mikononi. Nilipogeuka niliona lile jeusi limesimama, vioo vimefungwa, na mtu amebaki ndani. Nikaelewa. Alikuwa anangoja mimi nipite, hata kama angekosa ubatizo wa mtoto wake mwenyewe.

"Nenda umwambie aingie," nilimwambia mume wangu. "Asimame upande ule wa mke wake. Mimi nitamtazama mtoto tu, sitainua macho."

Akaingia. Nilisikia vile viatu vikisimama upande wa pili wa binti yangu. Mimi nikafanya nilivyoahidi, nikamtazama mtoto, paji lake pana, masikio yaliyosimama, kile kidevu ambacho hakikutoka kwetu. Mtoto akanicheka. Na mimi, katika uso ule mdogo, nikamtazama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza, nikashiba, na hakuna aliyenikataza.