Chandubhai na Waya wa Mafuta

Chandrakant, ambaye sote tulimwita Chandubhai, hakuja London kushika ufagio. Nakuru alikuwa na gereji yake, na wakulima wakubwa walimletea Landrova zao, mpaka vibali vya biashara vilipoanza kunyimwa Wahindi kama yeye. Akafunga milango, akaja Wembley na mkewe. Katika gereji nilimokuwa nikiosha magari, bosi alimpa ufagio, akasema atamtazama kwanza. Nilikasirika kuliko yeye. Mimi Shaame, Mpemba, nilishazoea kudharauliwa, lakini yule alikuwa fundi, na unamwona hivyo hata kwa anavyookota spana iliyoanguka.

Ngeli zake zilinikera, sikufichi. Kwake kila kitu kilikuwa "iko". Hata hivyo tulizungumza Kiswahili kutwa, maana Kiingereza tulimwachia bosi.

Nafasi yake ikaja Oktoba. Mama mmoja wa Kizungu, mfuga farasi nje ya mji, alileta Landrova iliyokuwa ikishika resi: ukiondoa mguu, injini bado inanguruma na gari linakwenda. Mafundi wengine walikuwa wamezidiwa na kazi, bosi akamwita Chandubhai. Akachomoa waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta hadi kwenye kabureta, akauosha kwa mafuta ya taa, akaukausha, akaurudisha bila grisi hata kidogo. Gari likaondoka salama. Tangu hapo akapewa spana, na mkewe akatuletea gerejini chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na karanga za kukaanga.

Baridi ilipokaza, yule mama akarudi na bampa imepinda. Resi ilikuwa imeshika asubuhi, gari likavunja ua wa farasi. Bosi akamwambia Chandubhai mbele ya watu kwamba likishika tena, anarudi kufagia. Na balaa yenyewe, ndani ya gereji pedali ilikuwa nyepesi, haina kasoro. Mafundi wakanong'ona kwamba mama hajui kuendesha. Mlango wa kutokea ulikuwa huo, nami nilimsihi apite.

Yeye aliomba gari liachwe nje. Asubuhi barafu ilikuwa imetanda juu ya boneti. Akakanyaga pedali bila kuwasha injini, ikazama, isirudi. Akaingia ndani, akatoka na birika, akaumiminia ule waya maji ya moto taratibu. Pedali ikapanda yenyewe. Akacheka, kisha uso ukambadilika.

"Hii ni makosa yangu, Shaame," akasema. "Nilitengeneza ya vumbi. Nakuru ukiweka grisi, vumbi inashika, waya inasimama. Hapa vumbi hakuna. Iko maji tu, inaingia ndani, inaganda."

Nikamwambia abadilishe waya anyamaze, nani atajua? Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

"Mimi iko fundi," akasema.

Akaenda ofisini na waya mkononi, akamweleza bosi kosa lake huku yule mama, aliyekuja kulifuata gari lake, amekaa pale pale. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu, hofu imenijaa, na hasira pia. Bosi akawa mwekundu. Mama ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama Chandubhai anaweza kulitengeneza gari sasa. Akajibu kwamba anaweza. Akatia waya mpya, akaujaza grisi, akaziba ncha yake kwa mpira maji yasipenye, akaliacha gari nje tena. Kulipokucha barafu ilikuwa nene zaidi, na pedali ikashuka ikapanda, laini kama ya cherehani.

Baridi ilipokwisha mama yule alikuja tena, safari hii kwa ajili ya breki. Bosi akatoka anatabasamu, ameshanyoosha mkono kupokea ufunguo. Mama akamsalimu, akampita. Akawapita na mafundi wengine, akaenda mpaka nyuma alikolala Chandubhai chini ya gari, akainama na koti lake zuri, akamkabidhi ufunguo mkononi. Nilijivuna siku ile mbele ya gereji nzima, utadhani ni ndugu yangu tumbo moja.