Maashi Aliyekataa Kutenga Vikombe

Naikumbuka siku moja kuliko nyingi, mwanangu, nayo si siku ya harusi wala ya msiba. Ni siku niliyoketi mezani kwangu ofisini na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, nikawa natia doa kwenye vitako vya vikombe kumi na vinane, kimoja baada ya kimoja, kwa utulivu kama mtu anayempaka hina bibi harusi. Vyenye doa nilivikusudia makuli wa ghalani. Visivyo na doa vilikuwa vyetu sisi wa ofisini, na wageni wetu.

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, umri ambao mtu bado anajiona kijana lakini anataka aheshimiwe kama mzee. Sisi ni watu wa Unguja. Baba yangu alituhamishia Dubai nikiwa mdogo, nikakulia huku, nikasoma huku. Kampuni niliyofanyia kazi ilikuwa ikipokea na kusafirisha mizigo, kwenye eneo huru la biashara karibu na uwanja wa ndege, miaka ile metro ilipokuwa bado mpya na watu wakiipanda kwa matembezi tu. Kwa kuwa nilikijua Kiarabu na Kiingereza, nikafanywa msimamizi wa ofisi. Wazee husema cheo ni dhamana. Mie nilikivaa kama nguo ya Idi.

Vikombe vilianza hivi. Mteja mmoja mkubwa alikuja kututembelea, akaona kuli mmoja amesimama mlangoni anakunywa chai kwenye kikombe sawasawa na chake. Akatoa leso, akafuta mdomo wa kikombe chake, akakiweka chini asinywe. Uso ukanichoma, nikaona lazima nifanye jambo.

Aliyekuwa akitupikia chai alikuwa mzee wa Kerala, wa miaka sitini hivi, mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi daima. Wahindi wenzake wa kwao walimwita Maashi. Sikuwahi kuuliza maana yake. Mie nilimwita boi, kama ofisi nzima ilivyomwita, na sikuona ajabu kumwita boi mtu aliyelingana na baba yangu. Tena nilikuwa na kinyongo naye cha zamani: alikuwa akitoa chai kwa mkono wa kushoto. Nimelelewa kwamba mkono wa kushoto haumpi mtu chakula. Nilimwambia mara mbili, akainamisha kichwa, akaendelea na mkono wake uleule.

Basi nikampa vikombe vyangu vyenye doa na maelezo. Akavipokea, akavitazama vitakoni, akaondoka navyo. Kesho yake asubuhi nikakuta vikombe vyote vimepangwa pamoja kabatini, na doa hata moja sikuliona. Alikuwa amevikwangua kwa kisu.

"Nilikwambia nini?" nikamuuliza.

"Madam, kazi yangu ni kutia chai," akajibu kwa Kiarabu chake cha sokoni. "Kazi ya kutenga watu siijui."

Alisema taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililonikera. Watu walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia mbele yao kwamba boi hana rai. Kisha nikaingia ndani nikamwandikia meneja wetu barua. Hasira ni hasara, mwanangu, na ulimi hauna mfupa, lakini kalamu ni mbaya zaidi maana maneno yake hubaki. Niliandika kwamba amekataa amri, na hiyo ilikuwa kweli. Halafu nikaongeza kwamba alimtolea mgeni wetu maneno ya jeuri. Huo ulikuwa uongo mtupu.

Meneja alikuwa na haraka zake. Akasoma, akasema, "Khalas, yameisha, mwisho wa mwezi arudi kwao." Nikatoka pale nimetosheka.

Siku ya pili yake, askari wetu wa getini akanisimamisha nikiingia. Alikuwa Mganda, jina lake Wasswa, kijana mpole wa kanisani ambaye kwa kawaida hakuwa akisema zaidi ya salamu.

"Madam Zuwena, huyu mzee umemfukuza, wewe unajua ni nani?"

"Ni boi wa chai."

"Hapana, Madam. Njoo Ijumaa uone. Mimi nitakupeleka."

Nikamwambia sina nafasi. Lakini neno likaniganda. Ijumaa ilipofika, baada ya sala, nikamfuata mpaka Al Jaddaf, kwenye karakana za mafundi wanaounda majahazi. Nilidhani nitakuta manung'uniko. Nilikuta darasa.

Ndani ya karakana moja, kati ya mbao na vumbi la randa, walikuwa wameketi wanaume kama thelathini chini kwenye mikeka. Makuli wetu walikuwapo, na wa maghala mengine, na mafundi wenyewe. Ubao wao wa kuandikia ulikuwa mbao mbili za jahazi zilizounganishwa. Mbele yao alisimama Maashi na chaki, katika mkono wa kushoto.

Fundi mkuu wa pale alinipa kiti na kuninong'oneza kinachoendelea. Watu wale walikuja mjini hawajui kusoma lugha yao wenyewe, Kimalayalam. Mke akimtumia mumewe ujumbe kwa simu, mume ilimbidi ampe mwenzake amsomee. Fikiri, mwanangu, maneno ya mkeo yapite kwanza kinywani mwa mwanamume mwingine. Siku ile kuli mmoja wa kwetu, mtu mzima mwenye mvi, alisimama na simu yake, akasoma ujumbe wa mkewe silabi kwa silabi. Ulihusu paa lililovuja na mbuzi aliyezaa. Alipomaliza alifunika uso kwa mikono, na wenzake wakamngoja.

Nikamuuliza fundi, Maashi maana yake nini. "Mwalimu," akasema. Kisha akanieleza habari zake.

Alizaliwa katika watu waliohesabiwa duni kule kwao, watu waliotakiwa kuiacha njia wakimwona mkubwa anakuja. Katika mkahawa wa kijiji, wengine waliketi ndani wakanywa kwenye bilauri. Watu wa kwao walisimama nje, wakamiminiwa chai kwenye kifuu cha nazi, na kifuu chenyewe wakitupe wakimaliza. Akiwa na miaka kumi na tisa alitunga shairi juu ya kifuu kile. Ndani yake kifuu kinazungumza, kinauliza kwa nini nazi iliyowalisha wote imegeuzwa kuwa alama ya aibu. Shairi likaimbwa mashambani, kina mama wakalibembelezea watoto. Ndipo siku moja akawaongoza watu arobaini wakaingia mkahawani, wakaketi ndani, wakaagiza chai.

"Wakubwa wa kijiji walitoka na magongo," fundi alisema. "Walivivunja vidole vya mkono wake wa kulia, makusudi, ili asiandike tena. Akajifunza kuandika kwa kushoto. Wiki ya pili watu wakarudi mkahawani. Wiki ya tatu wakapewa bilauri."

Akawa mwalimu wa shule, akatunga diwani nzima, akazunguka vijijini akifundisha wazee kusoma, mpaka waliomchukia wakahakikisha hapati tena shule ya kumwajiri. Ndipo akaja Ghuba, akaishia kupika chai yetu.

Nikautazama mkono wake wa kulia ukining'inia, vidole vimepinda. Miaka mitatu nilikuwa nikipokea chai kwake sijauona.

Darasa lilipokwisha nikamwendea. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami siku ile nilitamani kuchutama. Nikamwomba radhi, kwa vikombe, kwa barua na kwa uongo. Akaniletea chai. Nikaipokea kwenye mkono wake wa kushoto kwa mikono yangu miwili.

"Mimi hukuniumiza, Madam," akasema. "Mimi nimezoea. Lakini kuna mtu ameanza kazi ghalani mwezi huu. Bado hajui kwamba yeye ni mchafu. Wewe ulitaka kumfundisha. Hilo ndilo nililokataa."

"Nani alikufunza wewe?" akaniuliza kisha.

Swali lile lilinipeleka mbali. Nikamweleza kwamba nyumbani kwa bibi yangu, Unguja, mchukuzi wa maji alikuwa na kata yake peke yake ya kunywea, ikitundikwa nje kwenye msumari. Hakuna aliyetueleza sababu. Sisi watoto tuliiona tu, tukajua.

Maashi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi kosa hili hukulianzisha wewe. Lakini kuanzia leo ni lako."

Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ilipoanza, kabla sijaweka hata mkoba, nikaingia kwa meneja nikamwambia niliongopa. Akaiweka kalamu yake chini.

"Unajua hii maana yake nini kwako?"

"Najua, sir."

Maashi akaachiwa amalize mkataba wake, miezi minane. Mimi nikavuliwa usimamizi, nikarudishwa kupokea simu. Wengine walinicheka waziwazi. Niliumia, nisikudanganye, na kuna siku nililia chooni. Lakini nikawa nashuka ghalani kunywa chai na makuli, na kwa mara ya kwanza nikayajua majina yao.

Miezi ile minane ilitosha. Kila aliyekaa kwenye ile mikeka aliondoka anasoma. Maashi alirudi kwao, na baada ya miaka miwili fundi akanipigia kunipa habari kwamba amefariki. Alinisimulia kwamba walimzika watu wa vijiji vitatu, na watoto wa shule wakaimba lile shairi lake. Karakana ile sasa haipo, pameota jengo refu la vioo. Darasa halikufa. Yule kuli mwenye mvi alilihamishia chumbani kwake, kwenye kambi ya wafanyakazi, akawafundisha wengine.

Nami nilijiuliza, Zuwena, wewe unajua nini ambacho mwenzako hakijui? Nilijua Kiarabu cha maandishi. Dada zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania, waliokuja kufanya kazi za ndani, walikuwa wakitia saini mbele ya kafeel, tajiri anayewadhamini, karatasi wasizoelewa. Nikaanza kuwasomea mikataba yao siku za Ijumaa, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Wasswa ndiye aliyekuwa akiniletea. Nimewasomea wengi mpaka macho yamechoka, na bado wanakuja.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikueleze bila mafumbo. Uungwana ni vitendo, si ukoo wala kiti unachokalia. Ukipewa madaraka juu ya watu, jifunze majina yao kabla ya kuwapa amri. Mtu akikataa neno lako kwa upole, usikimbilie kalamu. Muulize kwanza ana nini moyoni. Ulichorithi kwa wazee kipime, maana walitupa mengi mema na hawakuwa malaika. Ukikosa, kiri mapema na ukubali kushushwa, kwani majuto ni mjukuu, huja kinyume. Na chochote unachokijua ambacho jirani yako hakijui, usikae nacho peke yako.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kumwona mtu aliye mbele yako, akupe ulimi usioumiza na mkono usiochoka kutoa, uwe wa kulia au wa kushoto. Akujaalie walimu usiowatarajia, na moyo wa kuwatambua wangali hai. Amina.