Sahihi ya Papa Gires

Papa Gires, Mtwa, wa jamii ya msituni inayobaguliwa, kutoka Kalehe, aliwaongoza Wakongo wa mtaa wa Barking, ughaibuni, miaka kumi na moja, huku akisafisha maofisi alfajiri. Siku tatu kabla ya uchaguzi wa mwenyekiti, Stéphanie, jirani yake wa zamani, alimletea barua ya kuombea ukimbizi.

“Papa, tia sahihi tu kwamba mimi ni Mtwa.”

“Leo wewe ni Mtwa? Kule nyumbani mama yako alivunja kikombe kwa sababu nilikinywea.”

“Hayo ya zamani, Papa. Na ukoo wetu una kura nyingi.”

“Najua. Nimechoka, binti yangu, lakini uongo siutilii sahihi.”

Jumapili alishindwa uchaguzi. Mwenyekiti mpya aliitia sahihi barua ya Stéphanie palepale ukumbini. Papa Gires alipanga viti, kama kawaida yake, akaenda kulala.